Juu ya nini mtoto mchanga anaamkaka usiku



Siku zingine ninawaandikiaka juu ya mihogo, mbolea na bei ya mbegu. Leo natoka kidogo shambani. Nataka tuongee juu ya mtoto mchanga na usiku. Najua wengi wenu hamujaoa wala hamujaolewa, mutasema: hii haituhusu. Ngojeni kidogo. Mwaka ujao ao ule mwingine, mutakuwa na mtoto mikononi saa nane ya usiku, na watu kumi watawapa mashauri kumi. Mimi nilijifunza mambo haya kwa kuchelewa, na ilibakia kidogo tu nifanye kosa ambalo halina kurudi nyuma.

Binti yetu alizaliwa na kilo 3 na grama 100. Tunaishi Bukavu, kwenye mlima, katika nyumba ya mbao, na kwetu nyumba zimeshikana: jirani akikohoa, unamwambia pole bila kutoka kitandani. Mtoto akilia usiku, kiwanja kizima kinajua. Alipofikia majuma saba alikuwa anaamka mara nne, mara tano kila usiku. Saa nne, saa sita, saa nane, saa tisa na nusu, saa kumi na moja. Kiisha saa kumi na mbili mimi napashwa kuwa barabarani, juu kazi yangu ni kufuatana na wakulima huko Walungu. Mke wangu alikuwa amekonda, macho yamekuwa mekundu, na alianza kulia pamoja na mtoto.

Mashauri hayakukosekana. Jirani wa kwanza alisema: "Mama, maziwa yako iko mayi tu. Mutoto analia njala. Mupatie uji." Shangazi yangu alisema: "Ni nyinyi munamuzoeza mikono. Mumuache alie, atanyamaza." Mtu mwingine alituvuta pembeni na kutuuliza kwa sauti ya chini kama hakuna mtu katika jamaa ambaye hakufurahia ndoa yetu. Na rafiki mmoja wa promosheni yetu, mwenye lisansi sawa na mimi, aliniambia: "Papa, unasumbuka bure. Nenda ku farmasi, kuko siro. Unamupa nusu kijiko, analala paka asubui. Siye wote tunafanyaka vile."

Uji nilikataa. Mambo ya uchawi nilikataa. Lakini siro nilinunua, juu ilitoka katika kinywa cha mtu aliyesoma.

Magaribi ile umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu alishika kijiko, mimi nikawasha tochi ya simu ili tuone vizuri kipimo. Nilipofungua kile kikartoni, karatasi ndogo ikaanguka chini. Sasa, ndugu zangu, kila juma nawaambia wakulima neno moja: usipime dawa ya wadudu mbele ya kusoma karatasi yake. Nawaambia mpaka wananicheka. Nikajisikia haya, nikaiokota, nikaisoma. Ndani ya chupa kulikuwa prometazini, dawa ya mafua na ya kujikuna, ambayo inaletaka usingizi. Na karatasi ilisema wazi: ni mwiko kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Binti yetu alikuwa na siku 52.

Nilimwambia mke wangu: "Rudisha kijiko." Tukalala vile vile, yaani hatukulala.

Asubui tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Mama muganga hakuniuliza juu ya usiku. Aliuliza mkojo: anakojoa mara ngapi kwa siku? Mara saba, mara nane. Aliuliza akiamka mchana anaangalia watu, anacheza mikono na miguu? Ndiyo. Kiisha akamweka kwenye mzani: kilo 4 na grama 600. Akaandika kwenye kadi, akanigeuzia ile kadi: "Papa, wewe umesoma. Hii mstari unaisoma namna gani?"

Niliisoma. Kilo moja na nusu katika siku 52. Kama mche wangu wowote ungepanda namna ile, ningepiga picha na kuituma kwa watu wote.

"Basi," akasema, "mtoto hagonjwe. Ni nyinyi munachoka. Hiyo ni maneno mbili tofauti."

Kutoka siku ile nikaanza kusoma jambo hili sawa vile nilisoma kwa memwari yangu. Haya njo niliyoyapata.

Maziwa ya mama na maziwa ya sungura

Tuanze na lile neno "mayi tu", juu njo linavunjaka wamama wengi.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifuga sungura ili kulipa masomo. Wale waliofuga wanajua: sungura mama ananyonyesha watoto wake mara moja tu kwa siku. Anaingia katika kiota, dakika tatu ao tano, kiisha anatoka na kuwaacha. Watoto wanalala kimya saa 24 ndani ya manyoya, wanangoja kesho. Ukiangalia hapo, utasema: angalia mama mwenye maziwa ya nguvu! Na ni kweli. Maziwa ya sungura ni mazito sana. Katika grama 100 kunaweza kuwa zaidi ya grama 10 za protini, na mafuta zaidi ya hiyo. Ng'ombe ana protini grama 3 na kidogo. Mwanadamu ana kama grama 1 tu.

Je, maana yake mwanamke ana maziwa mabaya? Hapana. Kila nyama ana maziwa yanayofaa maisha yake. Mtoto wa sungura anazidisha uzito wake mara mbili kwa juma moja hivi, kwa hiyo anahitaji protini mingi ya kujenga nyama. Na mama yake hapendi kuzunguka kwenye kiota, juu atawaonyesha adui mahali watoto wako. Mtoto wa mwanadamu anakomaa polepole. Anachukua kama miezi mitano ili uzito wa kuzaliwa ufike mara mbili. Kitu anachojenga haraka ni ubongo, na ndiyo sababu maziwa ya mama yana sukari mingi, kama grama 7 katika grama 100, kupita ya ng'ombe. Tena mtoto wetu haachwi katika kiota. Anabebwa mgongoni na kitenge, analala pembeni ya mama, ziwa liko karibu. Maziwa yake yametengenezwa kwa mtoto anayenyonya mara mingi, mchana na usiku.

Kwa hiyo jirani yangu aliona vizuri lakini akaelewa vibaya. Ndiyo, maziwa ya mama ni mepesi kwa macho. Na juu ni mepesi, yanapita haraka katika tumbo, na mtoto anarudia kuomba. Hiyo si alama ya umaskini wa maziwa. Ni namna kazi ilivyopangwa.

Tumbo dogo, kazi kubwa

Kwenye pepinyeri, hakuna mtu anayemwagia mche mchanga ndoo nzima asubui na kusema: nimemaliza mpaka kesho. Mizizi bado ni mifupi, maji yatapita chini, mche utakauka saa ya jua. Unamwagia kidogo kidogo, mara mingi. Mtoto mchanga ni vile vile. Tumbo lake ni dogo, haliweki akiba ya usiku mzima, na kazi anayoifanya ni kubwa: kuzidisha uzito mara mbili katika miezi mitano, mara tatu katika mwaka. Hakuna mmoja kati yetu anayefanya kazi kama ile bila kula usiku.

Sasa sikilizeni hatari ya uji. Watu wanasema: mpe uji mzito wa masoso, atashiba, atalala. Mtoto wa miezi miwili akijazwa uji, ni kweli ananyonya kidogo. Lakini ziwa linafanya kazi kama kisima cha mlimani: ukichota, maji yanakuja, ukiacha kuchota, kinajifunga. Maziwa yakitolewa, mwili wa mama unaagizwa kutengeneza mengine. Yakibaki ndani, mwili unapunguza. Tena homoni inayoamuru maziwa, ile wanayoita prolaktini, inapanda zaidi usiku. Kumnyonyesha usiku njo kutayarisha chakula cha kesho mchana.

Kwa hiyo mama anayeambiwa "maziwa yako ni mayi", akaogopa, akatoa uji, baada ya majuma mawili maziwa yanapunguka kweli. Jirani anarudi na kusema: "Nilikuambia!" Uongo umejigeuza kuwa kweli. Na katikati yake mtoto amekunywa maji ya mji wetu ambayo sote tunayajua, na sufuria, na kijiko, kwa tumbo ambalo bado halijawa tayari. Kuhara kunafuata. Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu mwaka 2001 linashauri maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita kamili, bila maji, bila uji. Kiisha miezi sita, masoso njo inapata nafasi yake, pamoja na maziwa.

Usingizi wa mtoto si usingizi wetu

Lakini tumbo halielezi yote. Kuna siku alinyonya saa nane, na saa tisa kasoro aliamka tena. Njaa gani ile? Hapo nilipashwa kusoma juu ya usingizi wenyewe, na nilikuta habari ya mwanafunzi mwenzetu.

Karibu na mwaka 1950, katika chuo kikuu cha Chicago, Marekani, kulikuwa mwanafunzi mmoja jina lake Eugene Aserinsky. Alikuwa na mke na mtoto, na feza kidogo sana. Profesa wake, Nathaniel Kleitman, alikuwa anachunguza usingizi, na huyu mwanafunzi akakaa masaa mingi kuangalia macho ya watoto wachanga waliolala. Akaona ya kwamba kuna wakati macho na mwili vinatulia kabisa, na wakati mwingine vinatembea. Baadaye alimfunga mtoto wake Armond, mwenye miaka 8, kwenye mashini ya zamani, akaona mistari inaonyesha macho yakikimbia chini ya kope katikati ya usiku. Mwaka 1953 wawili hao walitangaza jambo hilo, na tangu siku ile watu wanajua kama usingizi si kitu kimoja. Kuna usingizi wa kimya na usingizi wa mwendo, na vinapokezana usiku wote.

Kwetu watu wazima, mzunguko mmoja unachukua kama dakika 90. Mwisho wa mzunguko tunakuwa karibu kuamka, tunageuka, tunavuta bulangeti, asubui hatukumbuki. Kwa mtoto mchanga mzunguko ni kama dakika 50 mpaka 60. Kwa hiyo anapita kwenye mlango wa kuamka mara mingi kuliko sisi, na bado hajajua kupita bila kuita mtu. Tena nusu hivi ya usingizi wake ni ule wa mwendo, ambao ni mwepesi. Kwetu ni kama robo tu. Waganga wengi wanafikiri ule usingizi unasaidia ubongo kujijenga.

Hapa kuna faida mbili kwa anayelea. Ya kwanza: katika usingizi wa mwendo mtoto anakunja uso, ananguruma, anarusha mikono, wakati mwingine anatoa kilio kifupi, na bado amelala! Sisi tulikuwa tunamkimbilia na kumwinua, kumbe ni sisi tuliokuwa tunamwamsha. Sasa tunangoja kidogo. Kama anaendelea, anahitaji kitu. Kama ananyamaza, alikuwa safarini tu. Ya pili: miezi ya kwanza mtoto anaingia katika usingizi kwa kupitia ule mwepesi. Ukimweka kitandani mara tu macho yanafunga, anafungua. Ukingoja dakika kama 20, mpaka mkono wake unaanguka bila nguvu, anabaki.

Mtoto hajue bado usiku ni nini

Ndani ya tumbo la mama hakuna usiku, ila ule wa mama mwenyewe. Mwili wa mama, giza likiingia, unatoa homoni ya usiku, melatonini, na inapita kwa kondo mpaka kwa mtoto. Siku ya kuzaliwa, ile saa inakatika. Mtoto anabaki bila saa. Analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku, lakini kwa vipande vipande, masaa mawili, matatu, bila kuchagua jua ao nyota. Saa yake mwenyewe inaanza kutengenezwa kiisha miezi miwili ao mitatu hivi.

Katika kungojea, mama anaendelea kumwazima saa yake: maziwa ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Ona tena ule mpango. Maziwa ambayo tulikuwa tunayatukana yalikuwa yanamfundisha mtoto wetu kujua usiku.

Na sisi tunaweza kusaidia. Mchana tunamtoa nje, apate mwangaza, asikie kelele ya kiwanja. Hatumfungii katika chumba cha giza. Usiku tunatumia taa ndogo, hatuongei, hatuchezi naye, simu inageuzwa uso chini. Anyonye, abadilishwe kama ni lazima, arudi kulala. Haikuwa dawa ya siku moja. Lakini katika mwezi wa tatu, kipande cha kwanza cha usiku kilifikia masaa manne.

Kuamka ni ulinzi

Sasa narudi kwenye ile chupa.

Mtoto mchanga bado anajifunza hata kupumua. Pumzi yake inasimama sekunde chache, inarudi. Nguo ikimfunika pua, baridi ikimshika, hewa ikipunguka, silaha yake ni moja tu: kuamka na kulia. Waliochunguza vifo vya ghafula vya watoto katika usingizi wanafikiri kwamba kushindwa kuamka ni moja ya sababu kubwa. Mtoto anayeamka kirahisi ni mtoto ambaye mlinzi wake hajalala.

Siro ya usingizi inamlevya ule mlinzi. Mwaka 2004 Marekani waliweka onyo la nguvu kabisa juu ya prometazini: haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, juu inaweza kuzuia pumzi mpaka kifo. Hakuna "nusu kijiko" kwa umri huo. Rafiki yangu aliyenishauri hakuwa mtu mubaya. Watoto wake wako wazima, Mungu asifiwe. Lakini mkulima mmoja akipuliza dawa bila kujifunika na asife, hiyo haifanye dawa kuwa maji.

Na mambo mengine ya usiku ambayo yanagusa pumzi ni haya. Mtoto alale kwa mgongo, si kwa tumbo. Tangu miaka ya 1990, inchi zilizofundisha watu jambo hili zimeona vifo vile vya ghafula vikipunguka sana. Pasiwe mto wala nguo nzito karibu na uso. Mbabula ya makala isiingizwe katika chumba cha kulala, hata kama baridi ya Bukavu inauma, juu moshi ule usioonekana unaua nyumba nzima kimya. Asivutiwe sigara karibu. Na baba aliyekunywa kasiksi asilale kitanda kimoja na mtoto. Apeleke mkeka wake mahali pengine.

Na kiisha miezi sita?

Wengi wanafikiri mtoto wa miezi sita anapashwa kulala mpaka asubui, na kama halali mama amemharibu. Mwaka 2018 walitoa uchunguzi wa Kanada, juu ya watoto 388 wa miezi sita. Karibu 38 kwa 100 walikuwa hawajafikia kulala masaa sita bila kuamka. Kwa mwaka mmoja, walibaki kama 28 kwa 100. Na hawakuona tofauti ya akili wala ya maungo kati ya wanaolala na wasiolala. Kwa hiyo yule mwenzako anayejisifu kwamba wake analala usiku mzima, muache ajisifu. Wako hajaachwa nyuma.

Kwa umri ule sababu zinageuka kidogo. Meno yanatoka. Mtoto anajifunza kukaa na kutambaa, na usiku mwili unarudia masomo. Na anaanza kujua kwamba mama anaweza kutoka, kwa hiyo akifika kwenye ule mlango wa kuamka anamtafuta. Ukimwitikia kwa sauti ndogo na mkono mgongoni, polepole anajifunza kurudi peke yake.

Wakati gani kuogopa

Sisemi kila kilio ni cha kawaida. Kuamka kwa mtoto mzima kuna alama: ananyonya, anakojoa, uzito unapanda, mchana ni mchangamfu. Zikikosa hizo, usingoje asubui. Pelekeni mtoto kwa muganga mbio kama mwili una moto, ao umekuwa baridi kupita kawaida. Kama anakataa ziwa. Kama anatapika kila kitu. Kama anashikwa na kutetemeka kwa mwili. Kama analia bila kunyamaza hata mikononi. Kama anapumua mbio ao mbavu zinaingia ndani. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 ao zaidi kwa dakika moja ni hatari, hesabuni na saa ya simu akiwa ametulia. Na zaidi ya yote: mtoto mchanga anayelala sana, asiyeamka kunyonya, mlegevu, huyo njo wa kuogopesha kuliko yule anayepiga kelele. Kwetu malaria haichagui umri; mustikeri iwe juu ya mtoto kila usiku.

Kazi ya baba

Nilikuwa nafikiri: ziwa ni la mama, kwa hiyo usiku ni wa mama. Ile hesabu haikuwa nzuri. Ziwa ni kitu kimoja katika usiku. Kuna kubadilisha, kumpiga mgongo atoe hewa, kungoja zile dakika 20 mpaka mkono unaanguka, kuleta maji kwa mama, juu anayenyonyesha anasikia kiu sana. Tuligawana: baada ya kunyonya saa tisa na nusu, mtoto ni wangu mpaka niondoke. Mke wangu alipata masaa mawili ya usingizi wa kweli. Na mchana, mama mkwe alipokuja, tulimwomba jambo moja: "Mama, usipike. Shika mtoto, binti yako alale." Alicheka, lakini alikubali.

Kuna faida ingine ambayo wenye ndoa wataipenda. Mama akinyonyesha tu, mchana na usiku, bila kumpa mtoto kitu kingine, siku zake hazijarudi, na mtoto hajafika miezi sita, kupata mimba ni kugumu: wachini ya 2 kwa 100. Lakini masharti yote matatu yawe pamoja. Mukikata kunyonya kwa usiku, hesabu inaanguka, tafuteni njia ingine kwa muganga.

Leo binti yetu ana miezi tisa. Alifikia kilo 6 na grama 300 kwa miezi mitano, mara mbili ya uzito wa kuzaliwa na kidogo. Anaamkaka bado, mara moja, wakati mwingine mara mbili. Juzi saa nane alikaa kitandani kabisa, akatuangalia, akapiga mikono. Tulichoka, lakini hatukuogopa.

Ile siro niliirudisha kwa farmasi. Sikuomba feza. Nilimwomba muuzaji tu asome karatasi pamoja na mimi, akasoma, akanyamaza. Kiisha nilienda kwa yule rafiki wa promosheni, nikakaa naye, nikamweleza haya yote polepole. Mke wake alikuwa na mimba ya pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa tutalala lini?"

Nikamwambia ukweli: "Kidogo kidogo, ndugu yangu. Lakini mutoto ataamuka."